Harufu ilirudi kwa vipande

Kazi yangu ni kupima maua ya bangi. Siyalimi wala siyauzi. Kichupa kinafika maabara kikiwa na namba ya fungu na jina la aina, nami navaa glavu, natoa ua moja kwa kibano na kuliweka juu ya karatasi nyeupe. Kabla sijagusa mashine yoyote nalivunja kwa vidole viwili na kulisogeza puani. Hakuna mwongozo unaonitaka nifanye hivyo. Nafanya kwa sababu pua inaninong'oneza kwa sekunde mbili jambo ambalo mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali za ua na kuzichora kama vilele kwenye grafu, italisema baada ya karibu nusu saa, na kwa sababu naipenda sana dakika ile.

Halafu nikaugua korona, na kwa miezi saba pua yangu haikuwa na habari na chochote.

Nataka kusimulia jinsi harufu ya aina moja tu, Hindu Kush, ilivyonirudia. Ilirudi kwa vipande, kimoja baada ya kingine, na kadiri vipande hivyo vilivyofuatana nikaelewa kitu ambacho miaka ya kusoma grafu haikuwa imenifunza. Watu huniuliza mara kwa mara ni nini hasa kinachofanya aina fulani itulize. Wengi wanataka niwatajie jina. Mimi nina harufu ya kuwapa, na nina habari za shangazi yangu.

Hindu Kush ni aina ya kale. Jina ni la milima iliyo kati ya Afghanistan na Pakistan, na mmea wenyewe ni mfupi, umejazana, majani yake mapana, maua yake yamebana kama ngumi. Watu wa kule wameulima vizazi kwa vizazi kwa ajili ya ulimbo wake, unaochekechwa na kukandamizwa kuwa hashishi. Ukiliweka ua lake chini ya kioo cha kukuzia unauona ulimbo huo ulipo: vinywele vidogo vimesimama wima, kila kimoja na kichwa cha duara kinachong'aa kama tone la umande. Vichwa vikiwa vichanga ni angavu kama kioo. Vikikomaa vinakuwa vyeupe kama maziwa, na vikizeeka vinageuka rangi ya kaharabu. Ndani ya vichwa hivyo ndimo mmea unamotengenezea THC, ile inayolevya, na humo humo ndimo unamotengenezea terpeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya harufu. Ukilivunja ua unapasua vichwa vingi visivyohesabika kwa mpigo mmoja, na kinachokujia puani ni pumzi yao.

Terpeni zimejengwa kwa tofali moja dogo liitwalo isopreni, lenye kaboni tano. Matofali mawili yakiungana unapata monoterpeni, ambazo ni nyepesi na hupaa upesi. Yakiungana matatu unapata seskuiterpeni, nzito zaidi, zinazong'ang'ania. Otto Wallach, Mjerumani, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910 kwa kazi yake katika uwanja huu. Alichukua mafuta ya mimea yaliyokuwa na majina chungu nzima akaonyesha kwamba mengi ya majina hayo yalikuwa ya kitu kilekile. Namheshimu sana kwa hilo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado nashughulika na tatizo la aina hiyo, isipokuwa kwangu limegeuka: jina moja, vitu vingi tofauti.

Kabla sijaugua, Hindu Kush nzuri ilinijia hivi. Kwanza udongo uliolowa. Chini ya udongo, mbao, karibu na msandali. Pembeni msonobari kidogo. Mwishoni ukali unaokwaruza nyuma ya pua kama pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo. Na juu ya vyote, kama mtu anayezungumza kwa sauti kubwa chumbani, mnuko wa kicheche. Kwenye grafu, kilele kirefu zaidi huwa ni cha mirseni, ambayo imo pia kwenye hopsi, mchaichai na embe. Kisha kariofileni, ya pilipili manga na karafuu. Limoneni ya maganda ya machungwa. Pineni ya misonobari na rozimari. Humuleni, ambayo karibu kila mara hutembea na kariofileni. Na mara nyingine, mwishoni kabisa, kilima kidogo cha linaloli, ile ya lavenda. Zote kwa pamoja huwa asilimia 1 hadi 3 hivi ya uzito wa ua lililokauka. Ni kidogo sana kwa kitu kinachoweza kujaza nyumba nzima.

Asubuhi nilipogundua kwamba pua imekufa, nilililaumu ua. Nililivunja, nikanusa, hakuna. Nikavunja la pili. Nikaandika kwenye daftari "sampuli ya zamani, imepoa", nikaitia mashineni nikiwa na uhakika kwamba grafu itakuwa tambarare. Ikatoka na vilele virefu, mirseni imesimama kama nguzo. Nikampa mwenzangu karatasi ile yenye vumbi la ua. Hata hakuinama, aliipokea kwa mkono ulionyooka akarudisha kichwa nyuma kwa ukali wa harufu. Nilikaa kwenye kiti changu nikaisoma ile grafu kama barua niliyoandikiwa na mtu aliyesafiri.

Daktari alinipa mazoezi. Ni vichupa vinne: waridi, mkaratusi, limau, karafuu. Unanusa kila kimoja kwa sekunde kumi hivi, asubuhi na jioni, huku ukiikumbuka harufu yake kwa bidii, kwa wiki nyingi. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden walichapisha matokeo ya mazoezi hayo mwaka 2009, na leo yanatumika kila mahali. Niliyafanya bila kukosa hata siku moja. Sitasema yalikuwa mazito. Yalikuwa ya upweke. Unainamia kichupa cha karafuu, unajua ni karafuu, umeisoma lebo, na ndani ya kichwa chako kuna ukuta mweupe tu.

Katika kipindi hicho ndipo shangazi aliponipigia simu.

Shangazi ana maumivu ya neva miguuni ambayo humwamsha usiku. Daktari wake alimwandikia maua ya bangi baada ya dawa nyingine kumshinda, na mahali alipo sheria inaruhusu. Anavuta mvuke kidogo kabla ya kulala, mara moja, basi. Si mtu wa kubadilisha mambo. Amekuwa na Hindu Kush tangu mwanzo, chupa ileile, lebo ileile.

"Mwanangu," akaniambia, "hii ya safari hii si ile."

Nikamwuliza ameandikiwa nyingine?

"Jina ni lilelile. Lakini si ile. Imevaa jina la ile. Ile ilikuwa na sabuni."

"Sabuni ipi, shangazi?"

"Sabuni ya marehemu bibi yako. Kwa mbali, nyuma kabisa, ukishamaliza kunusa. Hii haina. Na usingizi wake si uleule."

Nilimwomba anitumie picha ya karatasi za vipimo zinazokuja na kila fungu, la zamani na la sasa. THC ilikuwa karibu sawa, tofauti isiyofika asilimia moja. Lakini mirseni ya fungu jipya ilikuwa nusu ya ile ya zamani, na linaloli, iliyokuwa na namba ndogo lakini halali kwenye karatasi ya kwanza, kwenye ya pili iliandikwa "haikuonekana". Mtu wa miaka sabini na mbili, bila kifaa chochote, alikuwa ameikosa kemikali ambayo mashine yangu inaipima kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Na mimi, mtaalamu, siku hiyo nisingeweza kumsaidia hata kwa kunusa.

Hapa lazima niseme ninachofikiria kuhusu majina. Carl Linnaeus aliipa bangi jina la sativa mwaka 1753, na Jean-Baptiste Lamarck akaongeza indica mwaka 1785, kwa mimea aliyoletewa kutoka India. Siku hizi maneno hayo mawili yanatumika kama ahadi: indica italaza, sativa itachangamsha. Mwaka 2021 jarida la Nature Plants lilitoa utafiti uliolinganisha vinasaba na kemikali za mamia ya sampuli zilizobandikwa majina hayo. Kwa jumla vinasaba havikufuata lebo. Kilichofuata lebo, kwa kiasi fulani, ni terpeni chache: zilizoitwa indica zilikuwa na mwelekeo wa kuwa na mirseni zaidi na harufu ya udongo. Kwa maneno mengine, inaelekea watu wamekuwa wakinusa kwanza na kubandika jina baadaye. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Tatizo linaanza pale jina linapobaki na harufu imeondoka.

Na harufu huondoka. Mwaka 1996 Samir Ross na Mahmoud ElSohly wa Chuo Kikuu cha Mississippi walichapisha vipimo vya mafuta yanukiayo ya maua mabichi na yaliyokaushwa. Baada ya wiki moja yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 31, baada ya mwezi asilimia 45, baada ya miezi mitatu asilimia 55. Zinazotangulia kutoka ni monoterpeni, zile nyepesi: mirseni, limoneni, pineni. Kariofileni na ndugu zake wazito wanabaki nyuma, kwa hiyo ua la zamani huegemea pilipili na mbao kavu, kisha nyasi kavu, kisha karatasi. Niliwahi mwenyewe kusahau kichupa wazi mezani, karibu na dirisha lenye jua, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Ua lilikuwa bado zuri kwa macho, vichwa vyake vinang'aa. Nilipolivunja lilitoa vumbi, na harufu yake ilikuwa ya shamba lililokwisha kuvunwa. Nililia kidogo siku ile, na sijaacha kichupa wazi tangu hapo.

Katika mwezi wa nane pua iliamka, na iliamka vibaya.

Nilivunja Hindu Kush, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kitu kikanipiga. Mpira unaoungua. Kitunguu saumu kilichooza. Kicheche, kicheche mtupu, bila udongo, bila mbao, bila utamu wowote. Ua likaniponyoka. Nilitoka nje nikasimama ukutani mpaka tumbo likatulia. Nilidhani ndivyo itakavyokuwa maisha yangu yote, kwamba mmea niliouzoea umegeuka adui.

Lakini nikaanza kufikiri. Mwaka uleule wa 2021 Iain Oswald na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mnuko wa kicheche katika bangi hautokani na terpeni hata kidogo. Unatokana na misombo ya salfa, hasa thioli moja ambayo pia ndiyo inayoinukisha bia iliyoachwa juani. Iko kwa kiasi kidogo mno, lakini pua ya binadamu huzihisi thioli hata zikiwa chembe tu hewani. Na watafiti wanaochunguza harufu zilizopotoka baada ya korona wameona kwamba thioli, kama zile za kahawa, ni miongoni mwa vichokozi vikubwa. Basi pua yangu ilikuwa imerudi na kipande kimoja tu cha picha, kile chenye sauti kubwa. Kile ambacho mpita njia anakiita "harufu ya bangi", nilikuwa nakinusa kikiwa uchi, kimeachwa peke yake. Nilikuwa nimesoma utafiti ule nikaukubali kwa akili. Sasa niliujua kwa mwili: harufu inayotangaza na harufu inayotuliza si moja.

Kipande cha pili kilikuwa pilipili. Kilikuja wiki chache baadaye, asubuhi, si kwa kunusa bali kama mkwaruzo nyuma ya pua, na macho yakaniloa kwa furaha. Kariofileni. Hii nina mapenzi nayo ya pekee. Mwili wetu una vipokezi viwili vikuu ambavyo kemikali za bangi hushikamana navyo. Cha kwanza, CB1, kilichogunduliwa mwaka 1988, kimejaa kwenye ubongo, na ndicho THC inachokigusa mtu akalewa. Cha pili, CB2, kiko zaidi kwenye chembe za kinga za mwili, na kukigusa hakulevyi. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kwamba kariofileni hushikamana na CB2 moja kwa moja. Terpeni ya pilipili manga ina ufunguo wa mlango tuliodhani ni wa bangi peke yake. Kila ninapoona kilele chake kwenye grafu nakumbuka ule mkwaruzo.

Kisha limau, ambayo niliitambua kwanza kwenye kichupa changu cha mazoezi, siku mbili kabla ya kuikuta kwenye ua. Kisha msonobari. Udongo wa mirseni ulichelewa sana, na ulipofika ulifika polepole, kama mtu anayeongeza taa kidogo kidogo.

Kuhusu mirseni nina neno, kwa sababu inasemwa sana kwamba aina yenye zaidi ya nusu asilimia ya mirseni ndiyo itakayokugandisha kwenye kochi. Sikubali kwamba namba hiyo imethibitishwa kwa binadamu. Kinachotajwa mara nyingi ni utafiti wa panya wa mwaka 2002, ambapo mirseni ilirefusha usingizi wa dawa waliyopewa. Kipimo kilikuwa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Fanya hesabu nami: kwa mtu wa kilo 70, ukizidisha hivyo hivyo, ni gramu 14 za mirseni tupu. Ua lenye asilimia moja ya mirseni lina miligramu 10 katika kila gramu. Ungehitaji kilo moja na gramu mia nne za maua kwa usiku mmoja. Najua mwili wa panya si mwili wetu na hesabu haihami kirahisi hivyo, lakini ukubwa wa pengo lenyewe unasema kitu. Na watafiti wa Australia walipozijaribu terpeni za kawaida za bangi kwenye vipokezi vya CB1 na CB2 maabara, mwaka 2019, hawakuona zikibadilisha kazi ya THC pale kwenye kipokezi.

Basi je, shangazi anajidanganya? Siamini hivyo hata kidogo. Naamini kuna njia nyingine, nayo inapita puani.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linaloli. Panya wakapunguza wasiwasi, bila miguu yao kulegea. Kisha wakawachukua panya wasioweza kunusa wakawapa mvuke uleule. Haukufanya kitu. Linaloli ilikuwa hewani, waliivuta mapafuni, lakini bila harufu hapakuwa na utulivu. Niliusoma utafiti ule tena katika mwezi wangu wa tisa nikaweka karatasi chini, nikashindwa kuendelea. Mimi nilikuwa panya yule. Kwa miezi saba nilikuwa nimeshinda ndani ya chumba kilichojaa linaloli na mirseni na nikirudi nyumbani mabega yamekaza kama kamba, na nilidhani ni huzuni ya ugonjwa tu.

Kuna pia limoneni. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa Johns Hopkins lilichapisha jaribio la watu wazima 20 waliovuta mvuke wa THC, pamoja na limoneni au bila. Kipimo kikubwa cha THC, miligramu 30, huleta hofu, na limoneni ya miligramu 15 ilipunguza hofu hiyo bila kupunguza ulevi wenyewe. Matokeo mazuri, nayafurahia, lakini nasema kama mpimaji: uwiano ule ni wa maabara. Katika maua ninayoyapima limoneni haifiki nusu ya THC, wala haikaribii.

Hofu yenyewe naijua. Miaka kadhaa kabla ya ugonjwa, mahali ambapo iliruhusiwa, nilimeza matone ya mafuta ya bangi kwa sababu nilikuwa silali. Dakika arobaini zikapita, sikuhisi kitu, nikaongeza mengine. Hilo ni kosa la watu wengi, na nililifanya nikiwa najua kabisa kwamba ya kumeza huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza na hukaa saa nyingi. Yote mawili yalifika pamoja. Moyo ulikwenda mbio, kinywa kilikauka mpaka ulimi ukagonga, na nilihesabu mapigo yangu nikiamini kila moja ni la mwisho. Kulipopambazuka nilikuwa bado natetemeka. Mafuta yale yalikuwa yamesafishwa mpaka hayana harufu yoyote, na naikumbuka hali hiyo: nilitia kinywani kitu ambacho pua haikuweza kunionya nacho.

Ya shangazi ni tofauti, na amenieleza kwa utaratibu kiasi kwamba naweza kuyaandika kama ripoti. Anakiweka kifaa chake cha mvuke kwenye nyuzi 180. Pineni huchemka kwenye nyuzi 156, mirseni karibu 167, limoneni 176, kwa hiyo kwenye 180 hizo zinatoka vizuri bila ua kuungua. Linaloli huchemka kwenye 198, lakini haisubiri kuchemka ili inukie, kama vile maji hayasubiri kuchemka ili nguo ikauke. Kwenye msokoto unaowaka, kaa lake likipita nyuzi mia kadhaa, sehemu kubwa ya uzuri huo huungua na kuwa moshi, na moshi ni moshi kwa mapafu. Anavuta mara mbili. Baada ya dakika kumi, anasema, mabega yanashuka "kama mtu ameyatua mizigo". Miguu inapata joto. Maumivu hayaondoki, "yanahamia chumba cha pili". Kinywa kinakauka, anaweka maji karibu. Ameacha kuamka haraka kitandani kwa sababu presha humshuka akasikia kizunguzungu. Asubuhi haendeshi gari mpaka achangamke kabisa. Na daktari wake amempangia usiku wa mapumziko, kwa kuwa mwili huzoea, na akiacha ghafla ndoto humjia kwa fujo siku chache.

Simshauri mtu mwingine afanye kama yeye. Aliye na mimba, kijana ambaye ubongo wake bado unakua, aliye na historia ya kupagawa kiakili katika ukoo, kwao madhara ya THC yanajulikana na si ya kujaribu. Na sheria za mahali ulipo ni za kufuatwa.

Shangazi alirudisha lile fungu. Aliwaambia waliompa kwamba halina sabuni. Wakamwangalia, alinisimulia, kama mtu aliyechanganyikiwa. Nilimwandikia barua fupi ya kuipeleka, yenye namba mbili tu, za mirseni na za linaloli, na wakampa la fungu lingine.

Ilikuwa mwezi wa kumi na nne baada ya kuugua kwangu. Kichupa kilifika, Hindu Kush, fungu jipya, na sikuwa na sababu ya kulitegemea kuliko mengine. Nikalivunja. Kicheche, lakini sasa kimerudi kwenye nafasi yake, mlangoni. Udongo. Mbao. Pilipili. Nilikuwa nimekwisha kulishusha ua kutoka puani, hewa bado imo ndani, ndipo ikapita: kitu safi, cha baridi kidogo, cha kitambaa kilichokunjwa kikawekwa sandukuni pamoja na mche wa sabuni. Nilisimama pale na ua mkononi. Bibi alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na nilikuwa nimelisahau kabisa hilo sanduku.

Niliitia sampuli mashineni nikakaa mbele ya kioo. Pineni ikapanda ikashuka. Mirseni. Limoneni. Halafu mstari ukaenda tambarare kwa muda, nikashika kingo za meza, na kikainuka kilima kidogo, chembamba, mahali pake hasa.

Nikampigia shangazi hata kabla kariofileni haijatoka.

"Shikamoo shangazi. Nimeinusa sabuni."

Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Ya bibi?"

"Ya bibi."

"Marahaba mwanangu," akasema. "Niandikie namba ya hilo fungu."